Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Utetezi wa Mtazamaji Aliyechelewa na Filamu za Alien

Chelewa chelewa, walisema wahenga, utamkuta mwana si wako. Methali hii imegeuzwa kufuli na wale wanaojiona wenyeji wa kazi za sanaa: aliyekosa kuwapo siku ya kwanza, hudai wao, akija baadaye hana budi kukaa kimya. Mashabiki huitamka kwa huruma, wakimsikitikia mchelewaji kwa utamu uliompita. Wasomi nao huitamka kwa dharau, wakimwuliza ana lipi la kuongeza juu ya kazi iliyokwisha kuhakikiwa kwa zaidi ya miaka arubaini. Baina ya huruma hiyo na dharau hii mlango hufungwa, na mwanafunzi wa uzamili aliyekusudia kuandika tasnifu juu ya kazi aliyoijua juzi huambiwa atafute mada nyingine.

Mfano ulio wazi ni mfululizo wa filamu za Alien, ambao ni bunilizi ya kisayansi na hadithi ya kutisha kwa wakati mmoja. Ridley Scott aliitoa filamu ya kwanza mwaka wa 1979. James Cameron akafuatia mwaka wa 1986, David Fincher 1992, na Jean-Pierre Jeunet 1997. Scott mwenyewe aliurejea mfululizo huo kwa Prometheus (2012) na Alien: Covenant (2017), kisha Fede Álvarez akaongoza Alien: Romulus (2024). Zikiachwa kando filamu mbili za 2004 na 2007 zilizomkutanisha dubwana huyu na yule wa Predator, pamoja na mfululizo wa televisheni wa 2025, mkondo mkuu una filamu saba zilizotandaa katika miaka arubaini na mitano. Anayezigundua leo anaweza kuzitazama zote katika juma moja. Je, mtu huyo amepoteza haki ya kuzihakiki? Makala haya yanashikilia kwamba hajaipoteza. Tena kwamba yapo mambo ya msingi katika filamu hizi ambayo huonekana vyema zaidi kwa jicho la aliyechelewa, mradi achelewe kwa adabu.

Kuchelewa ndiyo hali ya uhakiki

Anayemkataza mchelewaji kusema amejikataza mwenyewe, maana hakuna idara ya fasihi isiyoishi kwa kuchelewa. Muyaka bin Haji alifariki Mombasa mnamo 1840. Mashairi yake yalikusanywa miongo kadhaa baadaye na W. E. Taylor kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, na diwani iliyohaririwa na Hichens ikachapishwa mwaka wa 1940, yapata miaka mia moja baada ya mshairi kuzikwa. Hakuna mhakiki hata mmoja wa leo aliyekuwapo barazani Muyaka alipomjibu mshindani wake, na bado hapana anayethubutu kusema kwamba uhakiki wa Muyaka ni haramu. Kadhalika Fumo Liyongo: anayeusoma utendi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwanzoni mwa karne ya ishirini anamsoma mtu aliyemchelewa shujaa wake kwa karne kadhaa, na msomaji mwenyewe anamchelewa Kijumwa.

Mfano mzito zaidi ni wa Chinua Achebe. Novela ya Joseph Conrad, Heart of Darkness, ilitokea kwa mara ya kwanza mwaka wa 1899. Mhadhara wa Achebe uliotikisa sifa yake ulitolewa katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mwaka wa 1975. Miaka sabini na sita ilikuwa imepita, na ndani ya miaka hiyo waliotangulia walikuwa wameisifu novela hiyo kwa mtindo, kwa kina na kwa utata wake. Achebe alikuja mwisho, akauliza swali ambalo waliotangulia hawakuona haja ya kuliuliza: je, Waafrika waliomo humu ni watu? Lau angalinyamaza kwa sababu amechelewa, uhakiki wa Afrika ungalikosa mojawapo ya nguzo zake. Jambo la kuzingatia ni kwamba kuchelewa kwake hakukuwa udhaifu aliolazimika kuushinda. Swali lile lilihitaji msomaji ambaye kitabu hakikumtarajia, na msomaji wa namna hiyo hawezi kufika siku ya kwanza.

Hata uhakiki mashuhuri wa filamu yenyewe haukuzaliwa na watazamaji wa usiku wa kwanza. Barbara Creed, ambaye uchambuzi wake wa umama na kinyaa katika Alien husomwa kila panapofundishwa filamu za kutisha, alichapisha makala yake mwaka wa 1986, miaka saba baada ya filamu kutoka, na kuipanua katika kitabu cha 1993. Ikiwa miaka saba inaruhusiwa, ni nani aliyeweka mpaka, na ameuweka kwenye mwaka wa ngapi?

Mshtuko na hofu

Wenyeji wana hoja moja isiyoweza kupuuzwa. Katika filamu ya kwanza baharia Kane, aliyekuwa amevamiwa usoni na kiumbe kilichotoka yaini, anazinduka, anaketi mezani na wenzake, anakula na kucheka. Ghafla kiumbe kingine kinampasua kifua kutoka ndani. Watazamaji wa 1979 hawakulitarajia tukio hilo. Mtazamaji wa leo amekwisha kusimuliwa, ameona picha zake, na pengine amecheka mzaha wake kabla ya kuona chenyewe: katika Spaceballs (1987) ya Mel Brooks, mwigizaji yuleyule John Hurt analirudia tukio hilo kwa dhihaka. Kwa hiyo, husemwa, mchelewaji huja karamuni na kukuta sufuria tupu.

Hoja hii inachanganya mshtuko na hofu. Mshtuko ni mali ya usiku mmoja: humpata mtu mara moja, na hata yule wa 1979 hakuupata alipoitazama filamu kwa mara ya pili. Hofu ni mali ya kazi yenyewe. Aliyesikiliza kisa cha Liyongo pwani alijua tangu mwanzo kwamba shujaa atauawa na mwanawe kwa sindano ya shaba kitovuni. Ujuzi huo haukumwondolea huzuni. Ndio uliompa nafasi ya kuyatazama mapenzi ya baba kwa mwana huku akijua mwisho wake. Ndivyo ilivyo kwa meza ya Kane. Anayejua kitakachotokea huacha kukingoja kifua na kuanza kuwatazama walioketi. Humwona Ash, afisa wa sayansi, akimchunguza Kane kwa makini kupita wengine, kabla ya filamu kufichua kwamba Ash ni mtu wa kuundwa, aliyewekwa chomboni na Kampuni ili kiumbe kifikishwe salama. Kazi inayokwisha pindi mshtuko wake unapokwisha haistahili kuhakikiwa na yeyote, awe wa mwanzo au wa mwisho. Alien haimo katika kundi hilo.

Adabu ya mchelewaji

Haki ya kusema haiji bila wajibu. Mchelewaji anakabiliwa na kishawishi ambacho wa mwanzo hawakukijua, nacho ni kuzipanga filamu kwa kufuata miaka ya hadithi badala ya miaka ya utunzi. Katika ulimwengu wa hadithi, Prometheus hutokea mwishoni mwa karne ya ishirini na moja, Covenant mwaka wa 2104, Alien 2122, Romulus 2142 na Aliens 2179. Wapo wanaomshauri mgeni aanzie Prometheus, eti aielewe hadithi tangu chanzo chake.

Ushauri huu ni wa kupotosha. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa kwamba visa kama vilivyotukia ni jambo moja na msuko wa visa hivyo katika kazi ni jambo jingine. Katika filamu ya 1979 mabaharia wanalikuta jitu lililokufa zamani, limeketi kwenye kiti chake, kifua kimepasuka kwa nje. Hawaelezwi ni nani, na mtazamaji vilevile haelezwi. Kutoelezwa huko ndiko kunakoufanya ulimwengu ule uwe mkubwa na usiomjali binadamu. Prometheus inajibu: jitu lile ni la jamii iliyomuumba binadamu. Covenant inaongeza kwa kudokeza kwamba dubwana lenyewe ni matokeo ya majaribio ya David, mtu wa kuundwa. Anayeanzia hapo humkuta Kane amekwisha kufafanuliwa, na filamu ya kwanza humgeukia tanbihi ya filamu ya tano.

Pana hatari nyingine, ya kuzisawazisha filamu zote kana kwamba ni sura za kitabu kimoja chenye mtunzi mmoja. Waongozaji hawa hawakukubaliana. Mwanzoni mwa filamu ya Fincher, msichana Newt na askari Hicks, waliookolewa kwa jasho jingi katika ile ya Cameron, wanakutwa wamekufa. Waliosubiri miaka sita waliliona hilo kuwa usaliti. Anayezitazama filamu hizi kwa kufuatana usiku baada ya usiku anaweza kulipita kama kisa cha kawaida, na hapo atakuwa amekosa kuona mabishano ya watunzi wawili juu ya kama maafa huwa na fidia. Aidha, matini zenyewe si moja. Onyesho la nahodha Dallas akiwa amenaswa, lililoondolewa mwaka wa 1979, lilirejeshwa katika toleo la 2003. Aliens ina toleo refu linalomtaja binti wa Ripley. Alien 3 ina toleo la 2003 linalotofautiana sana na lile la 1992. Mtaalamu wa tenzi aliyezoea kulinganisha miswada anafahamu la kufanya hapa kuliko shabiki anayeamini kuwa toleo alilolizoea ndilo la haki. Mchelewaji mwenye adabu hufuata tarehe za utunzi, hutaja toleo alilolitazama, na huacha kila filamu iwe na wakati wake.

Anachokiona mchelewaji

Wa mwanzo walilitazama dubwana, na hawawezi kulaumiwa, kwa kuwa lilibuniwa na msanii Mswisi H. R. Giger ili litazamwe. Wahakiki wa kisaikolojia waliona ndani yake tumbo la uzazi, kinywa na ubakaji. Na usomaji huo una ushahidi wa kutosha. Kampuni pia haikupuuzwa na wote. Lakini katika filamu moja Kampuni inaweza kudhaniwa kuwa adui wa hadithi moja tu. Ni filamu zikitazamwa kwa pamoja ndipo inapodhihirika kwamba dubwana hubadilika umbo kila mara ilhali mkataba haubadiliki.

Ufuatwe mkondo huo. Mwaka wa 1979 chombo kiitwacho Nostromo kinakokota tani milioni ishirini za madini. Parker na Brett, mafundi wa mitambo, wanalalamikia mgao wao mdogo; wanapokataa kwenda kuuchunguza wito wasioujua, wanasomewa kifungu cha mkataba kisemacho kwamba atakayekataa atapoteza mgao wote. Kinachowashusha kwenye sayari ile ni mshahara. Baadaye Ripley anagundua katika tarakilishi ya chombo amri ya kuleta kiumbe hata kama mabaharia wote watakufa. Mwaka wa 1986 Burke, mwakilishi wa Kampuni, anajaribu kumfungia Ripley na mtoto pamoja na viumbe ili miili yao iwe vyombo vya kusafirishia mbegu. Mwaka wa 1992 Ripley amebeba mbegu hiyo mwilini, na Kampuni inamjia ikiwa na sura ya mwanamume mpole mwenye ahadi ya tiba. Anajitupa katika tanuri ili asiwape. Mwaka wa 1997, miaka mia mbili baadaye katika hadithi, jeshi limeirithi kazi hiyo na kumfufua kwa kunakili mwili wake, na nakala zilizoharibika zimehifadhiwa chumbani kama vielelezo.

Katika Prometheus Kampuni inapewa uso: Peter Weyland, kizee asiyetaka kufa. Hapa mfululizo unadhoofika, kwa kuwa uovu uliokuwa wa utaratibu unageuzwa tamaa ya mtu mmoja, na tamaa ya mtu mmoja huzikwa naye. Romulus inasahihisha kosa hilo kwa onyesho fupi lisilo na dubwana lolote. Rain, kijana wa koloni la migodi, anakwenda dirishani kwa karani akiwa ametimiza saa za kazi alizotakiwa kutimiza ili aachiliwe. Anaambiwa kwamba idadi ya saa imeongezwa, na kwamba atarudi migodini kwa miaka mingine. Karani hana hasira wala chuki. Hilo ndilo onyesho la kutisha kuliko yote katika filamu hiyo, na aliyezitazama filamu sita kabla yake huitambua mara moja sauti ileile iliyowasomea Parker na Brett kifungu chao.

Msomaji wa fasihi ana sababu ya ziada ya kuutambua mkondo huu. Nostromo ni riwaya ya Conrad ya 1904 kuhusu mgodi wa fedha na jinsi maslahi ya mali yanavyowameza hata wema. Sulaco, mji wa riwaya hiyo, ndilo jina la chombo katika filamu ya Cameron. Anayesema kwamba filamu hizi hazina mahali katika idara ya fasihi anapaswa kueleza kwa nini Conrad mwenyewe anapo.

Mwili usio na uso

Lipo jambo ambalo kwa mhakiki wa Afrika lingetosha peke yake kuuvunja mlango. Aliyelivaa vazi la dubwana kwa sehemu kubwa ya filamu ya 1979 alikuwa Bolaji Badejo, Mnaijeria aliyezaliwa mwaka wa 1953, mwanafunzi wa sanaa jijini London, kijana mrefu wa zaidi ya mita mbili. Alipatikana katika baa, akachaguliwa kwa urefu na wembamba wa viungo vyake. Hakuigiza katika filamu nyingine. Alifariki Lagos mwaka wa 1992, akiwa na umri wa miaka thelathini na tisa. Jina lake limo katika orodha ya waigizaji. Uso wake haumo katika filamu.

Ni rahisi kurukia hitimisho kwamba kila hofu ya filamu hii ni hofu ya Mzungu kwa mwili mweusi. Usomaji huo una sehemu ya ukweli, ila unaharakisha mno, kwa kuwa unasahau kwamba ndani ya chombo hichohicho Parker, aliyeigizwa na Mmarekani mweusi Yaphet Kotto, ndiye anayedai haki ya mfanyakazi kwa sauti kubwa kuliko wote, na hufa akijaribu kumwokoa mwenzake. Linaloweza kusemwa kwa uhakika ni hili: filamu inayolaani Kampuni kwa kuutumia mwili wa mtu bila kumjali mwenye mwili imejengwa juu ya mwili wa Mwafrika uliofichwa kabisa machoni pa mtazamaji. Watazamaji wengi wa mwanzo waliogopa miondoko yake bila kuuliza ni ya nani. Mtazamaji aliyechelewa, akija na jina hilo mdomoni, hawezi tena kuitazama miondoko ile kama ya mashine.

Miaka arubaini na mitano baadaye jambo hilo limerudi kwa sura nyingine. Ian Holm, aliyeigiza Ash, alifariki mwaka wa 2020. Katika Romulus sura yake imetengenezwa upya ili aonekane mtu wa kuundwa wa aina ileile, mtumishi wa Kampuni. Familia yake iliridhia, na kisheria hapana neno. Hata hivyo filamu hiyo ilitolewa na studio ambayo tangu 2019 ni mali ya Disney, na ndani yake Andy, mtu wa kuundwa anayeigizwa na David Jonsson, Mwingereza mweusi, anabadilishwa kwa kifaa kidogo asimtumikie tena dada yake wa kupanga bali Kampuni. Hadithi inasikitikia jambo ambalo utayarishaji wake unakaribia kulitenda. Mshabiki aliyezizoea filamu hizi tangu ujana anaweza kufurahi kumwona tena Ash. Mgeni, asiye na kumbukumbu za kufurahia, huuliza maiti ameajiriwa na nani.

Hitimisho

Mwaka wa 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Owuor-Anyumba waliitaka Nairobi iondoe Uingereza katikati ya masomo ya fasihi na kuipa fasihi simulizi nafasi yake. Mlango uliofunguliwa siku ile haukufunguliwa kwa sanaa zilizowahi peke yake. Idara zilizorithi uamuzi ule haziwezi leo kumwambia mwanafunzi kwamba filamu hizi si zake kwa sababu hakuwapo, au kwamba yote yamekwisha kusemwa na waliowahi. Yaliyosemwa na waliowahi yasomwe kwa makini. Kisha mwanafunzi aulizwe maswali yale yanayomhusu mhakiki yeyote: umetazama toleo gani, umefuata mpangilio upi, na ushahidi wako uko wapi? Akijibu sawasawa, tarehe aliyoigundua kazi haina uzito.

Wahenga waliosema utamkuta mwana si wako ndio waliosema pia mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika hadithi hii mwana aliyezaliwa kifuani mwa Kane hakuwa wake kamwe. Aliyedai kumiliki alikuwa Kampuni, na madai hayo ndiyo yaliyowaua mabaharia wa Nostromo. Wenyeji wa sanaa wanaodai kuimiliki kazi kwa kuwa waliwahi kuiona wajihadhari wasije wakafanana naye. Wameuguzana muda mrefu kwa dawa moja. Mgeni amefika, amebisha hodi, naye ana jina la Badejo mkononi, apishwe aingie.